Swali Limeuliza Nini?



Kila mwaka, mvua za vuli zinapokuwa zimeanza kunyesha pwani, maelfu ya vijana wa nchi hii huingia katika vyumba vya mtihani na kukaa kimya kwa saa tatu. Mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala hupewa karatasi ile ile anayopewa mtoto wa karani wa Ilala. Karatasi haijui ni nani aliyetembea kilomita nane asubuhi ile na ni nani aliyeshushwa na gari langoni. Huo ndio usawa wa mtihani, na huo ndio ukatili wake vilevile. Baada ya majuma machache, msahihishaji asiyemfahamu mtahiniwa hata kwa jina atalifungua kabrasha, atasoma yaliyoandikwa, na kwa kalamu nyekundu atatia tarakimu pembeni. Tarakimu hiyo ndiyo itakayoamua kama kijana ataingia kidato cha tano, au chuo, au atatafuta njia nyingine ya maisha.

Wananchi hawajasahau matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Taifa zima lilishtuka, Serikali ikaunda tume, na baadaye matokeo yale yakapangwa upya. Mengi yalisemwa wakati ule: uhaba wa walimu, ukosefu wa vitabu, shule zilizojengwa kwa haraka. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini lipo jambo moja ambalo halihitaji fedha za bajeti wala matofali, nalo ni lile linalozungumzwa leo: namna ya kuandika jibu la masomo ya jamii, yaani historia, uraia na jiografia, ili kijana anayelijua somo apate alama zinazolingana na ujuzi wake.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi kujitoa mwaka 1971 katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Ndani ya taarifa hizo huonyeshwa hata sampuli za majibu mazuri na majibu mabaya. Atakayezisoma kwa miaka kadhaa mfululizo ataona malalamiko yale yale yakirudi kama kibwagizo: watahiniwa hawakutambua matakwa ya swali, hawakuwa na maarifa ya kutosha katika mada, hawakuimudu lugha ya mtihani. Malalamiko hayo mawili ya mwisho ni mazito, na kuyaondoa kunahitaji miaka. Lile la kwanza linaweza kuondolewa katika muhula mmoja. Ni ajabu kubwa kwamba vijana hutoa fedha zao kununua vitini vya kukariri vinavyouzwa barabarani, na taarifa hizi ambazo hazina bei hawazigusi. Wapo na walimu wasiozigusa.

Hapana budi kwanza kulijibu pingamizi moja, maana lina heshima yake. Wapo watakaouliza: je, kuwafundisha vijana namna ya kupata alama si kuirudia ile kasumba ya elimu ya kikoloni, ambamo cheti kilikuwa ndiyo shabaha na maarifa yalikuwa ngazi tu ya kukifikia cheti? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa Machi 1967, aliulaumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa katika muda uliowekwa, bila kupima uwezo wa kufikiri, wala tabia, wala moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasisitiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe ndiyo mizani pekee, bali kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Lawama ile haijapitwa na wakati. Lakini anayeitumia kuhalalisha uzembe wa kutojifunza kuandika anaigeuza kichwa chini miguu juu. Swali la insha linalomtaka kijana apime, alinganishe au ajadili ndilo mahali pachache katika mtihani ambapo kufikiri kunalipwa. Anayekosa alama hapo mara nyingi ni yule yule aliyekariri. Amebeba mzigo wa hoja kutoka nyumbani, akautua juu ya meza bila kuuliza kama mwenye nyumba aliagiza mzigo huo.

Kila swali lina kitenzi, na kitenzi hicho ndicho bwana wa jibu. Swali linalosema "taja" linataka majina, basi; anayeandika nusu ukurasa kwa alama mbili ametupa dakika ambazo hatazipata tena. "Eleza" linataka jambo litajwe na lionyeshwe lilivyofanya kazi. "Jadili" na "tathmini" yanataka mizani yenye vitanga viwili. Na "linganisha" ndilo linaloangusha wengi kuliko yote.

Tuseme swali limetaka kulinganisha utawala wa Wajerumani na utawala wa Waingereza katika Tanganyika. Mtahiniwa wa kawaida ataandika ukurasa mzima juu ya Wajerumani, kisha ukurasa mzima juu ya Waingereza, atapiga mstari na kuweka kalamu chini kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Hajalinganisha kitu. Amesimulia hadithi mbili, na kazi ya kulinganisha amemwachia msahihishaji, ambaye halipwi kwa kazi hiyo. Aliyeelewa kitenzi atachukua jambo moja, kwa mfano mtawala wa ngazi ya kijiji na wilaya, na kuwaweka wote wawili katika sentensi moja: kwamba Mjerumani alimtumia akida, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni asiye na ukoo wala kaburi la babu katika eneo alilolitawala, ilhali Mwingereza, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kuwasili mwaka 1925, alimtafuta mtawala wa jadi wa mahali pale na kutawala kwa mgongo wake. Kisha atakwenda kwenye jambo la pili, pengine kodi, au mahakama, na kufanya vivyo hivyo. Na kama ana akili ya ziada ataongeza kwamba tofauti hizo zote hazikubadili shabaha: kodi ilikusanywa kwa njia zote mbili, na jasho lilikuwa la mtu yule yule.

Mbali ya kitenzi, swali huwa na mipaka. Likisema "kati ya 1919 na 1939", jibu linalozungumzia mwaka 1954 halina alama hata kama ni kweli tupu. Likisema "Tanganyika", Mau Mau haimo. Mipaka hii ni midogo kwa maandishi na mikubwa kwa hukumu, hivyo mwanafunzi hana budi kuipigia mstari kabla hajaandika neno lolote.

Mfano mmoja ni vema ukachambuliwa kwa urefu, maana katika mfano ndimo siri ilimo. Swali lijulikanalo na kila kidato cha nne ni hili: fafanua sababu sita zilizofanya Vita vya Maji Maji vishindwe.

Mtahiniwa wa kwanza anaandika: "Waafrika walikuwa na silaha duni. Waafrika hawakuwa na umoja. Waafrika waliamini ushirikina. Viongozi waliuawa. Kulikuwa na njaa. Wajerumani walikuwa na jeshi imara." Sababu sita zimetimia, naye anaona amemaliza. Hakuna hata moja iliyo uongo mtupu. Lakini ondoa neno "Wajerumani", weka "Waingereza", na jibu hilo hilo litafaa kwa vita vya Wanandi, litafaa kwa vita vya Wandebele, litafaa kwa karibu kila vita ambavyo Mwafrika alipigana na mkoloni. Hamna mahali, hamna mtu, hamna mwaka. Msahihishaji hawezi kujua kama aliyeandika aliwahi kusoma habari za Maji Maji au alikariri orodha ya sababu za kushindwa. Swali lilisema "fafanua", yeye ametaja.

Mtahiniwa wa pili anaanza na silaha, kama mwenzake. Lakini anaandika kwamba Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilishambulia boma la Mahenge kwa ujasiri mkubwa, wakisonga mbele mahali pa wazi, huku wakiamini kuwa dawa ya maji waliyopewa ingezizuia risasi. Na kwamba bunduki za rashasha za bomani ziliwaua wengi kabla hawajafika ukutani. Kwa mfano mmoja amegusa mambo mawili, silaha na imani, na ameonyesha yalivyoungana kuleta maafa. Anaongeza kwamba baada ya hasara kama hizo wapiganaji katika sehemu nyingi waliacha kushambulia maboma, wakaingia porini na kuvizia. Hapo hoja inazaa hoja. Maana utawala wa Gavana von Götzen, uliposhindwa kuwakamata watu porini, uliwashambulia katika chakula: mashamba yakachomwa, maghala yakateketezwa, visima na mifugo vikaangamizwa au kuchukuliwa. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua watu wengi zaidi. Makadirio ya vifo vyote yanatofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi 300,000, katika nchi ambayo idadi ya watu wakati ule ilikuwa sehemu ndogo tu ya ilivyo leo. Basi njaa, ambayo kwa mtahiniwa wa kwanza ilikuwa "kulikuwa na njaa", kama kwamba ilishuka toka mbinguni, kwa mtahiniwa wa pili imekuwa silaha iliyochaguliwa na adui kwa makusudi. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti kati ya alama moja na alama zote za hoja.

Sababu ya umoja inahitaji uangalifu zaidi, maana hapa ndipo ukariri unapojifedhehesha. Kijana aliyeandika kwamba vita vilishindwa kwa kukosa umoja ndiye yule yule ambaye, katika swali jingine la karatasi hiyo hiyo, ataandika kwamba umuhimu wa Maji Maji ulikuwa kuyaunganisha makabila mengi. Lipi ni kweli? Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini ni kwa yule anayeweza kueleza. Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, kwa kung'oa miche ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima. Maji yalienea kutoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, yakavuka Rufiji, yakafika Ulanga na Ungoni, yakiwaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na mtawala mmoja wala jeshi moja. Huo ni umoja wa ajabu. Lakini watu hao hawakuinuka siku moja. Wamatumbi walianza Julai, Mahenge ikashambuliwa mwishoni mwa Agosti, Ungoni ikaingia Septemba. Wajerumani wakapata nafasi ya kungoja vikosi vya nyongeza kutoka kwao na kuwapiga wananchi kundi kwa kundi. Na Wahehe, ambao vita vyao virefu na Mjerumani vilikuwa vimekwisha mwaka 1898 kwa kifo cha Mkwawa, hawakujiunga. Mtahiniwa atakayeandika hivyo hatakuwa amesema "hawakuwa na umoja". Atakuwa amesema kwamba umoja wa imani ulitangulia umoja wa mipango, jambo ambalo ni la kweli na linalomjengea heshima mbele ya msahihishaji.

Vivyo hivyo juu ya viongozi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, vita vikiwa bado vichanga. Navyo viliendelea hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kusema tu kwamba vita vilishindwa kwa kuwa viongozi waliuawa hakutoshi, maana kifo cha mtu aliyetoa maji hakikuyazuia maji yasienee. Lakini katika Ungoni, ambako uongozi ulikuwa mikononi mwa watawala na manduna wa jadi, mambo yalikwenda vingine. Februari 27, 1906, wengi wao walinyongwa Songea, akiwamo Mputa Gama, na upinzani wa upande ule ukavunjika. Hoja ile ile, mahali pawili, matokeo mawili. Kijana wa miaka kumi na saba anayeweza kuliona hilo amekwisha kuwa mwanahistoria, cheti kiwe bado hakijafika.

Na neno "ushirikina" lisiandikwe hovyo. Ni neno walilolipenda wamisionari na maofisa wa Kijerumani katika taarifa zao, na mwanafunzi wa shule iliyo huru analinakili bila kujiuliza ni nani alilitia katika daftari lake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakakaa na wazee walioyaona au kuyasikia mambo yale kwa karibu, wakayaandika maneno yao. Kazi hiyo ilitufunza mengi juu ya maana ya maji kwa wale walioyanywa. Mwanafunzi wa Kilwa au Ulanga ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia habari za njaa ile anao ushahidi ambao haumo katika kitini chochote. Akiutumia kwa uangalifu, ukafungamana na hoja na ukalijibu swali, ni halali yake.

Kutokana na mfano huo inaonekana aya moja ya jibu zuri inavyojengwa. Inaanza kwa kuitamka hoja waziwazi katika sentensi ya kwanza, ili msahihishaji asiitafute. Inaieleza: jambo hili lilifanyaje hata likaleta kushindwa? Inatoa ushahidi wenye jina, mahali au mwaka. Kisha, kabla haijaisha, inarudi kwenye swali. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo haihitaji zaidi ya maneno kumi. Utangulizi wa insha uwe mfupi. Sentensi tatu zinatosha kueleza vita vilikuwa vipi, lini na wapi. Ile desturi ya kujaza nusu ukurasa kwa kueleza asili ya ukoloni tangu mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 ni namna ya kuogopa swali.

Kwa upande wa Uraia, somo lililochukua nafasi ya Siasa baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, lipo tatizo jingine ambalo gazeti la Chama lina wajibu wa kulisema bila kumung'unya maneno. Wapo vijana wanaodhani kwamba kusifu ni kujibu. Swali likitaja kijiji, ushirika, uchaguzi au maendeleo, kalamu yao huanza kuimba. Swali likisema "tathmini mafanikio ya Azimio la Arusha", huandika mafanikio tu, kwa sauti ya risala ya sherehe. Wapo wengine, siku hizi wengi, waliosikia kwamba Azimio lilishindwa, nao huandika kushindwa tu, kwa sauti ya matanga. Wote wawili wamekosa nusu ya alama kwa sababu moja.

Kama wanatafuta kielelezo cha tathmini, wakitafute kwa mwenye Azimio mwenyewe. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Februari 5, 1967, Mwalimu Nyerere aliandika taarifa ya kulipima Azimio. Hakuimba. Alikiri waziwazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Alionyesha yaliyofanikiwa, kama kuenea kwa elimu na huduma, na jitihada za kuzuia watu wachache wasijilimbikizie mali. Akaonyesha pia yaliyokwenda kombo katika uzalishaji na katika uendeshaji wa mashirika ya umma. Kiongozi aliyekuwa na kila sababu ya kujisifu aliweka vitanga vyote viwili mezani. Itakuwaje basi mtahiniwa wa kidato cha nne aone kwamba ni utovu wa uzalendo kufanya vivyo hivyo? Uhamiaji wa vijijini una mfano huo huo: kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji vilivyoandikishwa, na shule, zahanati na maji vikawezekana kupelekwa mahali ambapo kabla ya hapo havikuwezekana, na papo hapo wapo wananchi waliohamishwa kwa nguvu katika Operesheni ya miaka ile ya 1974 hadi 1976, wakatupwa mbali na mashamba yao. Jibu lenye alama za juu linasema yote mawili, kisha linatoa uamuzi na sababu ya uamuzi huo. Msahihishaji haadhibu uamuzi. Anaadhibu uamuzi usio na sababu.

Juu ya lugha, pasiwe na udanganyifu. Kijana aliyefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, anayeishi kwa Kiswahili, anayefikiri kwa Kiswahili, hulazimika kuandika historia ya babu yake kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya 1982, ilipendekeza masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na gharama yake imelipwa na vizazi vya watahiniwa. Mjadala huo una mahali pake, na hapana shaka utaendelea. Aliye kidato cha nne sasa hawezi kungoja uishe. Kwake ushauri ni mfupi: sentensi fupi, jambo moja kwa kila sentensi. Sentensi ndefu ya lugha ya kigeni ni mto usiojulikana kina chake, na wengi huzama katikati, hoja nzuri ikiwa mkononi. Na maneno ya mamlaka, yale ya kutaja, kueleza, kufafanua, kulinganisha, kujadili na kutathmini, yaandikwe kwa Kiingereza ukutani mwa darasa tangu kidato cha kwanza, na maana yake kwa Kiswahili kandokando. Mwalimu anayelieleza darasa kwa Kiswahili ili lielewe asione haya. Anayepaswa kuona haya ni yule anayesoma kitini kwa Kiingereza mbele ya wanafunzi arobaini wasioelewa, kisha akaandika katika kitabu cha maandalio kwamba mada imemalizika.

Muda nao ni hesabu nyepesi isiyofanywa. Saa tatu ni dakika 180, na alama ni 100. Toa dakika kumi za kusoma na kuhakiki, zinabaki dakika 170, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Insha ya alama 15 ina haki ya dakika 25, basi. Kijana anayeandika insha moja kwa dakika 50 kwa sababu anaipenda amejilipa mshahara wa alama 15 kwa kazi ya 30, na swali la mwisho litabaki na kichwa bila kiwiliwili. Dakika tano za kwanza za kila insha zitumike kuandika hoja pembeni kwa neno moja moja na kuzipanga, kisha zikatwe kwa mstari. Hilo siyo kupoteza muda. Anayeanza kuandika bila kupanga ndiye anayegundua katika hoja ya nne kwamba amerudia ya pili.

Juu ya maswali ya kuchagua na kuoanisha hakuna mengi ya kusema: hapo kukumbuka ndiko kunakopimwa, na dawa yake ni kusoma. Katika jiografia, anayesoma ramani aandike vipimo pamoja na vizio vyake na aonyeshe njia ya hesabu yake, maana njia nayo ina alama hata jibu likikosewa. Na anapoelezea uchumi wa mahali asiandike "kuna kilimo". Aandike zao gani, na ni ishara gani ya ramani iliyomwonyesha.

Yote haya hayajifunzwi kwa kusikiliza mazungumzo. Mwalimu achague swali moja la miaka iliyopita kila Ijumaa, alibandike ubaoni, awape vijana dakika 25 kwa saa ya ukutani. Muda ukiisha, wabadilishane madaftari. Kila mmoja apige mstari chini ya sentensi inayotamka hoja katika daftari la mwenzake, azungushe duara kwenye kila jina, mahali na mwaka, na aandike herufi S pembeni kila mahali jibu liliporudi kwenye swali. Daftari lisilo na duara hata moja litajulikana bila kutiwa tarakimu, na mwenyewe atalirudia Jumatatu. Shule isiyo na vitabu vya kutosha inaweza kufanya hivyo. Shule ambayo mwalimu wa historia ni mmoja kwa vidato vinne inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa kazi kubwa ya kusahihisha inafanywa na wanafunzi wenyewe. Kuanzia Februari hadi Oktoba, likizo zikitolewa, zinapatikana Ijumaa zisizopungua ishirini na tano.